Aliyeona Vita na Aliyesimulia Vita

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule, Newala)



Kamati iliponialika kuzungumza iliniachia nichague mwenyewe jambo la kusema. Huenda wengi wenu mlitazamia kwamba nitaeleza habari za utumishi wa serikali, maana ndiyo kazi inayonilisha. Lakini pale Chuo Kikuu nilisoma historia, na kazi ya ofisini haikunitenga na somo lile. Mtumishi wa serikali hula kwa kusoma taarifa. Leo inaletwa taarifa ya mafuriko, kesho ya ugomvi wa wakulima na wafugaji, keshokutwa ya kijiji kilichounguliwa na maghala. Karibu zote zimeandikwa na mtu anayesema: nilifika, nikaona. Na kazi ya kwanza ya anayezipokea ni kutenga mambo matatu: lile aliloliona kwa macho, lile aliloambiwa, na lile alilolikisia.

Leo naomba tulipeleke swali hilo kwenye taarifa kongwe zaidi, yaani zile za wapelelezi wa Kizungu waliopita katika nchi zetu katika karne ya kumi na tisa na kuandika juu ya vita walivyosema wameviona. Tumezisoma darasani, mitihani imetungwa kutokana nazo, na baadhi yetu tumewafundisha wengine. Je, tuziamini kwa kiasi gani?

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtu anaweza kusema: hayo yamepita, wapelelezi wamekufa, na vita vyao vimekwisha. Nitawaeleza kwa nini hayajapita.

Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya moja niliyopelekwa kufanya kazi, ambayo si hii yetu, vijiji viwili viligombea bonde. Kijiji kimoja kilileta barazani nakala ya ukurasa wa kitabu cha msafiri aliyepita huko zaidi ya miaka mia moja nyuma. Ukurasa ulisema kwamba vita vilikuwa vimepita, nyumba zilikuwa majivu, na bonde lilikuwa tupu. Basi, wakasema, hawa wenzetu ni wageni, walikuja baadaye. Mzee mmoja wa kijiji cha pili akasimama, akauliza: “Huyo mgeni alitaka tumngoje njiani? Vita vikipita, watu hukaa wapi?” Baraza zima lilinyamaza. Ukurasa mmoja ulikaribia kuwanyima watu mashamba yao, na maneno yake hayakuwa ya uongo. Msafiri aliona bonde tupu, ni kweli. Hakuona watu waliokuwa wamejificha mlimani wakimtazama.

Sisi wa Newala twapaswa kulielewa jambo hilo kuliko wengine. Uwanda wetu wa juu ulikuwa maficho. Watu waliuvumilia uhaba wake wa maji kwa sababu vichaka vyake viliwapa usalama ambao bonde la Ruvuma halikuwapa. Dr. Livingstone alipopita upande wa Ruvuma mwaka 1866 aliandika habari za nchi iliyohamwa kwa sababu ya biashara ya watumwa na mashambulizi. Anayesoma maneno yake bila kuijua nchi atadhani kwamba watu walikwisha. Kumbe wengi walikuwa wamepanda juu.

Kuna sababu nyingine pia. Taarifa za vita zilizoandikwa wakati ule zilisomwa Ulaya na watu waliokuwa wakitafuta hoja ya kututawala. Walisema: tazameni, wanapigana daima, hawana budi kupewa mtawala. Hoja ile ikaingia vitabuni, na kutoka vitabuni ikaingia vichwani mwetu, hata mpaka leo utamsikia kijana akisema kwamba kabila fulani ni la vita na kabila fulani ni la waoga. Sisi ambao katika madawati ya shule moja tumekaa pamoja Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera na Wangoni, hatuwezi kuyaacha maneno ya namna hiyo bila kuyapima.

Kwa hiyo nawaleteeni maswali matano ya kumwuliza kila shahidi wa vita. Sikuyabuni mimi. Ndiyo maswali ya hakimu yeyote mwangalifu, na ya mzee yeyote anayeamua shauri barazani.

Swali la kwanza: alisimama wapi?

Nendeni mkasimame pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, mtazame bondeni upande wa Ruvuma. Moshi mtauona, na mkibahatika mtaona njia na mashamba. Lakini watu wakigombana kule chini, nani kati yenu atasema nani alianza?

Tumchukue Henry Stanley. Mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone, aliikuta njia ya Ujiji imezibwa kwa vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora. Akajiunga na Waarabu. Mwezi Agosti jeshi lao, ambalo kwa hesabu yake lilikuwa na zaidi ya watu elfu mbili, likatoka kwenda kumpiga Mirambo. Kikosi kimoja chini ya Soud bin Sayd kilikwenda Wilyankuru, kikauteka mji, na kilipokuwa kikirudi na pembe za ndovu na mateka, Mirambo akakivizia njiani na kukimaliza. Waarabu waliokuwamo waliuawa, na baadhi ya watu wa Stanley pia.

Masimulizi yake ya mavizio yale yanasomeka vizuri sana. Lakini Stanley alikuwa wapi? Alikuwa Zimbizo, kitandani, ana homa. Yote aliyoandika juu ya kuuawa kwa kikosi kile aliyapata kwa watu waliokimbia. Na mtu aliyekimbia vita ana sababu njema ya kuwafanya adui zake kuwa wengi na wakali, asije akaulizwa kwa nini yeye yu hai. Baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo alipoishambulia Tabora yenyewe, Stanley alikuwa Kwihara, akitazama moshi kwa mbali na kupokea habari kwa wakimbizi. Kwa nusu ya vita vile, basi, shahidi wetu alikuwa msikilizaji kama sisi.

Simlaumu kwa kuugua. Nasema tu kwamba neno “nilikuwapo” ni pana mno. Mtu aweza kuwapo vitani asiione vita. Hata majemadari hukiri hivyo. Wellington, aliyeongoza jeshi la Waingereza pale Waterloo mwaka 1815, alimwonya mtu aliyetaka kuiandika habari ya siku ile kwamba vita ni kama dansi: kila mmoja hukumbuka vijambo vilivyompata yeye, lakini hakuna awezaye kueleza vilifuatana vipi wala saa ngapi. Nasi tunaocheza ngoma usiku kucha tunaelewa. Ukiwauliza watu kumi asubuhi, utapata ngoma kumi.

Swali la pili: aliandika lini?

Kumbukumbu ni kama unga kwenye kikapu kilichotoboka, hupungua njiani. Ila kumbukumbu hupungua na tena huongezwa.

Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo sasa ni Kongo. Siku ile ilikuwa ya soko, na watu wengi, hasa wanawake, walikuwa wamekuja kuuza na kununua. Watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara kutoka pwani, waliingia sokoni, wakabishana juu ya bei ya kuku, kisha wakafyatua risasi katika umati. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Livingstone alikuwa ndiyo kwanza anatoka sokoni. Huyu, basi, alikuwa karibu.

Na aliandika lini? Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea. Baadaye aliinakili habari ile katika daftari kubwa, na baada ya kufa kwake, mwaka 1874, rafiki yake Horace Waller alichapisha kitabu kutokana na daftari lile. Kwa zaidi ya miaka mia moja dunia ilisoma kitabu. Zile kurasa za gazeti zilikuwa zimefifia, hazisomeki. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi yakajitokeza. Walipolinganisha, waliona kwamba maneno ya siku zile na maneno ya baadaye hayalingani kila mahali. Wametoa hoja kwamba katika kunakili, mambo mabaya ya watu wa msafara wake mwenyewe yalipunguzwa, na kwamba huenda baadhi yao hawakuwa safi katika mambo ya siku ile.

Je, tuseme basi kwamba mauaji ya Nyangwe hayakutokea? Hasha. Yalitokea, na habari zake zilisaidia kuongeza shinikizo lililofanya soko la watumwa la Unguja lifungwe mwaka 1873. Kosa la wasomaji wengi ni kwamba wakigundua shahidi amepunguza jambo moja, hutupa ushahidi wote. Hakimu hafanyi hivyo. Hutenga kipande kilichotiwa shaka, akashika kilichobaki imara. Tena angalieni jambo jema alilofanya Livingstone: alipotaja idadi ya waliokufa, kati ya 330 na 400, alisema wazi kwamba hilo ni kisio la Waarabu wenyewe. Hakuifanya hesabu ya wengine kuwa yake. Shahidi anayekuambia neno lake limetoka wapi, mpe alama.

Swali la tatu: hesabu yake inashiba?

Hapa nitasema kama mtu wa ofisi. Mwaka huohuo wa 1875 alipozunguka Ziwa Victoria, Stanley aliona vita vya Kabaka Mutesa dhidi ya watu wa visiwa vya Buvuma. Aliandika kwamba Mutesa alikuwa na askari 150,000, na kwamba pamoja na wanawake, watoto na wafuasi, kambi ilikuwa na watu 250,000.

Sisi tuliowahi kugawa chakula cha njaa tunaijua hesabu ya matumbo. Tuseme kila mtu apate nusu kilo ya unga tu kwa siku. Watu 250,000 wanahitaji tani 125 kila siku. Kwa malori ya tani kumi, ni malori kumi na matatu kila kunapokucha. Lakini malori hayakuwapo. Kwa mpagazi anayebeba kilo 30, inahitajika mizigo zaidi ya 4,000 iingie kambini kila siku, na hao wapagazi nao wale. Vita vile vilichukua majuma, na kambi ilikuwa mahali pamoja, ufukoni. Buganda ilikuwa nchi yenye nguvu, yenye migomba mingi na barabara nzuri, na jeshi lake lilikuwa kubwa kweli. Hilo sikatai. Lakini 250,000 ni hesabu ya mtu aliyestaajabu, si ya mtu aliyehesabu.

Nanyi vijana msidhani kwamba ni Wazungu peke yao. Kaeni kijiweni baada ya mnada wa korosho, muwasikilize watu wakitaja magunia waliyopeleka. Kisha nendeni kwenye stakabadhi za chama cha msingi. Mizani haina furaha wala huzuni. Kwa vita vya zamani hatuna mizani, lakini tuna chakula, maji, mwendo wa siku na ukubwa wa uwanja. Pimeni kwa hivyo.

Swali la nne: alikuwa na kazi gani, na alimwandikia nani?

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Stanley alitumwa na magazeti. Safari ya 1874 hadi 1877 iligharimiwa na Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Magazeti yalitaka habari zenye moto, na moto wakapewa.

Mwezi Aprili 1875 alifika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo wilaya ya Muleba. Kulitokea ugomvi. Watu wa kisiwa waliuburuta mtumbwi wake nchi kavu, wakachukua makasia, naye akatoroka kwa kupiga bunduki. Mwezi Agosti alirudi na mitumbwi ya mashujaa wa Kiganda na watu wake wenye bunduki, akawapiga watu wa Bumbire akiwa majini, mbali kidogo na mahali mishale yao inapofika. Kisha akaandika mwenyewe jinsi alivyowaua. Barua zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1876, wako Waingereza waliokasirika, wakamshutumu kwa maneno yake mwenyewe.

Hapa shahidi ndiye pia mshtakiwa, na juu ya hayo ndiye mwenye gazeti la kumlisha. Tumwamini vipi? Mwandishi Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya maisha ya Stanley, ametoa hoja kwamba Stanley alikuwa na tabia ya kuongeza idadi ya aliowaua ili aonekane shujaa. Shajara zake za safari ile zilichapishwa mwaka 1961, na mtu anaweza kuweka shajara, barua za gazetini na kitabu cha 1878 mezani, akalinganisha. Lakini tusikubali haraka kwamba kutia chumvi ni udhuru. Alipiga bunduki watu ambao mishale yao haikumfikia, na hilo halibadiliki kwa kupunguza tarakimu. Tena kelele za watu wa ufukoni yeye alizitafsiri kuwa za vita tangu mwanzo. Watu wa Bumbire walionaje kufikiwa na chombo kigeni chenye watu wenye bunduki, katika maji yao? Kitabu hakisemi, kwa kuwa hakuwauliza.

Na kama mnataka kuona jinsi haja ya mtu inavyogeuza macho yake, rudini kwa Mirambo. Mwaka 1871, Mirambo alipokuwa ameifunga njia, Stanley alimwandika kama mnyang'anyi. Mwezi Aprili 1876, Mirambo alipompokea kwa heshima, walichanjana damu wakawa ndugu, naye akamwandika kama mtawala mwenye adabu na fikra. Mirambo ni mmoja, na shahidi ni mmoja. Kilichobadilika ni haja ya shahidi.

Swali la tano: ni nani ambaye hakuulizwa?

Sasa nirudi nyumbani, maana maswali haya yangekuwa mchezo wa ukumbini kama tusingeyatumia kwetu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watumwa waliokombolewa, wakaanza mji wa misheni. Mwezi Septemba 1882 mji ule ulishambuliwa na wapiganaji walioitwa Magwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea. Watu wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Baada ya hapo makao ya misheni yakahamishiwa huku Newala, kwa Matola, chifu wa Kiyao, na Padre Chauncy Maples akakaa hapa. Maples alikuwa msafiri pia, aliyekwisha kuiandikia Royal Geographical Society ya London habari za Masasi na nchi ya Ruvuma. Alikufa maji katika Ziwa Nyasa mwaka 1895, na maandishi yake yakachapishwa baadaye. Kwa hiyo habari za siku ile ya 1882 tumezirithi zaidi kwa barua za wamisionari.

Wamisionari wale nawaheshimu. Walikaa mahali ambapo wengine wangekimbia. Lakini tuwaulize maswali yaleyale manne, kisha tuulize la tano. Watu wa Masasi wenyewe, ambao walikwisha kuuzwa mara moja na sasa wakaona wenzao wakichukuliwa mara ya pili, waliandika nini? Waliotekwa wakapelekwa Ungoni, walisema nini? Nao walioshambulia, walikuwa nani hasa? Tukisema “Magwangwara” tunadhani ni watu wa damu moja waliotoka kusini na ngao zao. Kumbe majeshi ya Wangoni yalijazwa watu waliotekwa njiani, Wandendeuli na wengine wengi, ambao waliingizwa ukoo na kufanywa wapiganaji. Mtoto aliyetekwa katika nchi hizi aliweza kukua Mngoni, na wajukuu wake wakawa Wangoni. Huenda basi kati ya walioshambuliwa na walioshambulia mlikuwa na ndugu. Jina moja kitabuni lilifunika hayo yote.

Na sauti za Kiswahili za kale tunazo, lakini nazo zipite chekechekeni. Tippu Tip alisimulia mwenyewe kwa Kiswahili jinsi alivyomshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867. Ni hazina kwetu. Lakini alisimulia miaka zaidi ya thelathini baadaye, akiwa mzee tajiri Unguja, na yeye ndiye aliyeshinda. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji, nao ni ushahidi wa mtu wa mkoa wa jirani. Lakini alivitazama vita kutoka mji wa pwani, chini ya serikali ya Wajerumani. Mwulizeni naye: ulisimama wapi, na wasikilizaji wako walikuwa nani?

Nathubutu kusema zaidi, mbele ya wazee wangu mliopo hapa, kwa adabu zote. Hata masimulizi ya mababu zetu yapimwe hivyohivyo. Karl Weule, Mjerumani aliyekuja na santuri ya kunasa sauti, alikaa Newala mwaka 1906 na kuandika mambo mengi aliyosimuliwa na watu wa huku. Yeye alichagua nini cha kuuliza, na aliyeulizwa alichagua nini cha kumwambia mgeni wa serikali, mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuanza. Babu akikuambia kwamba ukoo wetu haukukimbia kamwe, mshukuru, uandike, kisha uende kwa babu wa ukoo wa pili. Tukiwapima wageni kwa mizani na jamaa zetu kwa upendo, hatutakuwa tumetafuta ukweli. Tutakuwa tumebadilisha ngozi ya ngoma tu.

Kazi iliyo mbele

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kuwavunja vijana moyo wa kusoma vitabu vya wapelelezi. Vitabu vile vina tarehe, majina ya vijiji, bei za chakula, na njia, mambo ambayo hatuyapati penginepo. Mara nyingi msafiri ni shahidi mwema zaidi kwa jambo ambalo hakulitilia maanani: kwamba siku ile mvua ilinyesha, kwamba mtama ulikuwa umeiva, kwamba watu walivaa kaniki. Hapo hakuwa na sababu ya kutia chumvi. Yasomeni, lakini ya kuambiwa changanyeni na ya kwenu.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kule Dar es Salaam walitawanyika vijijini kukusanya habari za Maji Maji kwa wazee ambao walikuwa bado hai. Waliwahi. Walioziona siku zile hawapo tena leo, hakuna hata mmoja. Tulio nao sasa ni wajukuu na vitukuu wao, na wao wanaondoka mmoja mmoja kila masika.

Kwa hiyo naomba kwenu, wadogo zangu wa chama cha historia, kila mmoja awe na daftari. Mkimhoji mzee, andikeni jina lake kwa idhini yake, mahali mlipokaa, na tarehe. Andikeni kama alisikia kwa nani, na huyo alisikia kwa nani. Andikeni maneno yake kwa lugha aliyoyasemea, Kimakonde kiwe Kimakonde, Kiyao kiwe Kiyao, kisha ndipo mtafsiri. Mkiwa na shaka, shaka nayo iandikwe pembeni, na neno lenyewe msilifute. Na mkikuta habari mbili zinapingana, msizipatanishe kwa nguvu. Wekeni zote mbili, ajaye atazipima.

Kwenu wanafunzi wa zamani naomba jambo jepesi. Daftari hizo zinahitaji kabati lenye kufuli, pasipofikiwa na mchwa, na nakala ya pili ikae mahali pengine. Fedha yake haizidi tunayotumia kwa karamu ya siku moja. Naomba kamati ilijadili kabla hatujaondoka hapa leo.

Huenda siku moja mgeni atafika tena kwenye bonde, aone moshi, aandike kwamba hapana watu. Na wawepo wa kumjibu kwa maandishi: tulikuwapo, tulisimama mahali fulani, tuliona hiki, na kile hatukukiona.